Amina ya Pale kwa Tangi

Shuleni, Thika
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Tata Wanja,

Mwalimu wa Kiswahili anatufundisha kufungua barua kwa salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi bahari sijawahi kuiona, kwa hivyo nakusalimu kwa salamu nyingi kama vumbi la Theta, na wewe unajua lile vumbi haliishi hata ukifua mara mbili. Mimi ni mzima. Mkono umepona, naweza kuandika na kukamua nguo. Chakula hapa ni githeri, na siku ambayo si githeri ni mahindi na maharagwe. Msalimie Njau hapo gerejini kwako, umwambie spana yangu bado anayo.

Barua hii umeletewa na Trizah Ouma, mwenzangu wa bweni, ambaye kwao ni hapo Ruiru. Amepata tetekuwanga na anarudishwa nyumbani, nami namwonea wivu kila kipele. Mshukuru, lakini usimkaribie.

Tata, mama yangu mdogo, sasa nisikilize. Simu haziruhusiwi hapa. Barua zinaruhusiwa, lakini kila inayoingia na kila inayotoka inasomwa kwanza na Madam Perez, mwalimu wa Kilimo na wa dini, ambaye hasahau kitu. Nikiandika neno kart, kile kigari chetu cha mbio, litafika kwa mama kule Kiganjo kabla jua halijatua. Na mama alinileta huku ndani ili hilo neno linitoke kichwani. Tangu nivunjike mkono Desemba yeye hajalitamka hata mara moja. Husema tu "ile kitu yenu".

Kwa hivyo kuanzia leo kart ni ng'ombe. Zile barabara za lami za Theta, za ploti ambazo hazijajengwa, tulikokuwa tukizunguka kila Jumamosi, ni malisho. Ule mchujo wa mwezi wa sita ni kipaimara, na yule Mwitaliano wa timu ya vijana atakayekuja kuchagua ni askofu. Usicheke. Nimefikiria sana. Hakuna mwalimu anayeweza kumnyima mtoto askofu.

Najua unayajua haya kuliko mimi, lakini acha niyaandike, hata kama ni kujililia tu. Mbio za magari ni ngazi: kart, halafu Formula Four, halafu Three, halafu Two, halafu ile yenyewe ya kwenye TV. Ngazi yenyewe haina mlango wa pembeni. Wenzangu wa Ulaya walianza kuipanda kabla ya kung'oka meno ya utoto. Huyu Mwitaliano anachukua mtoto mmoja tu wa Afrika Mashariki amwingize Formula Four mwakani, na anataka ambaye hajafikisha miaka kumi na saba siku hiyo. Mimi nafikisha Agosti. Mwakani sitakuwa dereva mdogo, nitakuwa shabiki.

Mzazi lazima awepo uwanjani, na shule lazima initoe. Ya shule niachie mimi. Ya mama ni yako. Wewe ni mdogo wake wa kumfuata, na ukimchekesha husahau alichokuwa amekasirikia.

Kutoka hapa hadi Ruiru si mbali hata kidogo. Nikisimama nyuma ya bweni upepo ukiwa mzuri, nasikia magari ya superhighway, na nawajua wanaobadilisha gia vibaya. Halafu kengele inalia na tunaambiwa tuingie ndani.

Mtoto wa dada yako,
Ciku

*

Ruiru
26 Februari 2025

Kwa Ciku wangu,

Salamu zako za vumbi zimefika na nimepiga chafya. Sisi tuko salama. Njau amekana habari ya spana mbele ya mashahidi. Cucu, nyanya yako wa Gatundu, ana kikohozi kidogo, lakini bado anagombeza kila anayepita, kwa hivyo ni mzima. Hapa gereji kazi ipo. Watu wa Membley, mtaa wa ng'ambo ya ukuta, wanaendelea kugonga lango lao wenyewe wakirudi nyuma, nami naendelea kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Ule ukuta wao wamepaka rangi upya, upande wao. Upande wetu wametuachia vile ulivyokuwa.

Haya, ng'ombe. Ng'ombe yuko sawa, ila asubuhi anakohoa mpaka apate joto. Nadhani ni kwenye koo. Nitamfungua Jumamosi nione. Kwato ya mbele ya kushoto imelika sana, na ninajua ni kwa sababu ya nani, maana kuna mtu hapendi kupunguza mwendo kwenye kona za kulia. Nilimpeleka malishoni mara moja nikamzungusha mwenyewe. Mimi na mwili huu! Maskini ng'ombe alilia mpaka watoto wa mjengo wakatoka kuangalia.

Nilienda Kiganjo kumwona mama yako. Tulikunywa chai. Amepaka sebule rangi ya krimu na imependeza. Tuliongea mambo mengi, na lile la kipaimara pia nililigusa. Mengine tutaongea tukionana.

Askofu amethibitisha. Ni Jumamosi tarehe kumi na nne mwezi wa sita, huku kwetu upande wa Ruiru, saa tatu asubuhi. Kila mtoto aje na ng'ombe wake.

Soma vitabu. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote, na pia kwa ajili ya yule anayesoma hapa katikati, ambaye namsalimu kwa heshima.

Tata yako,
Wanja

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Tata Wanja,

Hujambo, na hao wote hawajambo? Mimi sijambo, ila nimekuwa mtu mashuhuri kwa mambo nisiyoyajua. Trizah amerudi na alama tatu usoni na anajiona mrembo zaidi. Analala kitanda cha juu yangu.

Madam Perez aliniita ofisini barua yako ikiwa mkononi. Kumbe alikuwa na hofu ya ng'ombe. Alisema nikwambie kwa jina la Mungu usimfungue ng'ombe wewe mwenyewe, umwite daktari wa mifugo, na kikohozi cha asubuhi huenda ni minyoo ya mapafu. Amenipa andiko la kurasa mbili nikutumie. Limo humu ndani. Lisome, ni zuri.

Halafu akaniuliza imekuwaje nikafika Form Three bila kipaimara. Nilimwambia ukweli mtupu, kwamba kila Jumamosi ya mafundisho nilikuwa malishoni na ng'ombe. Tata, alitoa kitambaa akafuta macho. Akasema, "Mtoto anakosa sakramenti kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, na karne ni hii!" Akaongeza kwamba parokia inayowaambia watoto waje na ng'ombe kama sadaka ni parokia yenye imani hai. Sasa ameniandikisha mafundisho ya kila Jumamosi mchana, na ameahidi kumpigia mama kuhusu ruhusa ya tarehe kumi na nne. Sijui kama nifurahi au nikimbie.

Nisikudanganye, siku nyingine napumua kwa shida humu. Si kwamba watu ni wabaya. Ni kwamba kila kitu kina saa yake, na hakuna saa hata moja iliyo yangu, isipokuwa Jumapili baada ya chakula tunapolazimishwa kulala. Hapo ndipo namtoa ng'ombe. Nalala chali nakanyaga vyuma vya mwisho wa kitanda. Cha kulia ni cha kumharakisha, cha kushoto ni kamba ya kumzuia. Trizah analalamika kwamba kitanda kinatetemeka.

Natoka pale kwenye kontena la muuza ploti. Nanyoosha mpaka mti wa mparachichi, pale namwacha tu aende. Halafu kwa tangi la maji. Pale nina siri ambayo sijawahi kukuambia. Akiingia kwenye kivuli cha tangi navuta kamba na nasema Amina moja, si ya haraka, ni ile ya kanisani, A-mi-na, na kwenye "na" ndipo namgeuza kulia. Desemba nilimgeuza kwenye "mi". Yaliyofuata unayajua. Ukingoja mpaka Amina iishe, mwenzako ameshakupita. Nimeirudia mara nyingi mpaka sasa naisikia hata nikiwa kwenye foleni ya githeri.

Tata, nilikuachia ya mama, ukaniambia sebule ni ya krimu. Mimi sikuuliza rangi.

Ciku

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa Tata Wanja,

Natumaini u mzima. Cucu anakusalimu, kikohozi kimeisha, kugombeza hakujaisha.

Sikupata jibu la barua yangu ya Machi. Nilijiambia posta imechelewa. Likizo ilipofika mama alinichukua hapa getini na begi langu, akanipeleka Gatundu moja kwa moja, na huko nimekaa likizo nzima nikichuma majani chai. Ruiru sikuikanyaga. Nilikupigia kwa simu ya cucu mpaka cucu akaificha. Hukushika. Siku moja Njau alishika. Nilimuuliza uko wapi, akasema, "Wanja ameenda Theta." Nikamuuliza na nani. Akasema, "Aki Ciku, hii airtime ya cucu itaisha bure," akakata.

Leo Trizah amenipa habari zake za likizo. Mjomba wake ameanza kujenga huko Theta, na walienda kuona msingi. Anasema alimwona ng'ombe wetu, yule mwekundu, akiwa na kijana wa kofia nyeupe, na wewe umesimama kando ukipiga makofi. Trizah anacheka sana akisimulia. Anasema huyo kijana kila akifika kwa tangi anapiga kelele, "Amina!" kama mtu wa kesha la maombi.

Mimi sikucheka. Hiyo Amina niliiandika mara moja tu, kwenye karatasi moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Ni nani huyo?

Ciku

*

Ruiru
14 Mei 2025

Kwa Ciku,

Salamu. Tuko wazima. Njau amepatikana na spana. Ilikuwa chini ya kiti chake siku zote.

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaipangusia mikono. Sasa ngoja niandike moja kwa moja, na Madam aniwie radhi, maana haya ni mambo ya nyumbani.

Mama yako alikataa. Alikataa tangu siku ile ya chai, na mimi nikakuficha kwa sababu sikutaka upokee habari hiyo ukiwa umefungiwa humo ndani bila mtu wa kukushika. Nilimchekesha, alicheka, na akakataa huku akicheka. Aliniambia, "Wanja, wewe una ng'ombe, mimi nina mtoto. Kila mtu achunge chake." Unajua mimi sikujaliwa mtoto. Naye anajua. Nilirudi Ruiru nikafunga gereji mchana.

Huyo kijana anaitwa Muriithi. Ni wa hapo Membley, baba yake ni daktari wa meno. Alisikia sauti ya ng'ombe kupitia ukuta, akazunguka mpaka kwa lango la nyuma, akaniomba amwone tu. Wake wa kununuliwa amekwama bandarini Mombasa. Nilimruhusu amguse. Halafu nikamruhusu ampande. Ciku, ng'ombe asipokamuliwa hukauka, hilo hata Madam atakuambia. Kila asubuhi nilikuwa nikimwona amesimama pale chini ya mabati na nilihisi ni mimi nimesimama. Nilimjenga kwa mikono hii. Nilitaka kumwona akienda.

Na kijana anaweza, siwezi kusema uongo. Shida ilikuwa kona ya tangi. Ilimshinda kila mara. Mchana mmoja nilikuwa na barua yako mfukoni, nikamsomea kile kipande. Kile tu. Usiniulize kwa nini. Saa ile sikukuona wewe, niliona kona.

Tarehe kumi na nne ataenda yeye, na baba yake atasimama naye. Lakini nimewaambia wote wawili, uso kwa uso, kwamba mama yako akibadilika hata asubuhi ya siku hiyo, kijana anashuka na wewe unapanda. Wamekubali. Kwa hivyo omba ruhusa yako, na umwombe Mungu amlainishe dada yangu, kwa sababu mimi nimeshindwa.

Usiache kuniandikia. Nitukane, lakini andika.

Wanja

*

Shuleni, Thika
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Tata,

Salamu. Mimi ni mzima wa mwili.

Madam Perez alisoma kwamba mama amekataa kipaimara, akampigia kuhusu ruhusa ya Ruiru, na mama badala ya kujibu kwa simu akaja mwenyewe Alhamisi, na viatu vyake vya kanisa. Tulikaa watatu ofisini. Madam akamweleza yote kwa furaha, kuhusu ng'ombe wa Tata anayekohoa, kwato ya kushoto, malisho ya Theta, askofu, na jinsi kila mtoto atakavyokuja na ng'ombe wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikaanza kucheka naye, kwa sababu siku zote akichekeshwa husahau. Nilidhani nimetoka.

Alipomaliza akafuta macho, akasema, "Madam, mtoto lazima apate kipaimara. Nimechelewa, ni makosa yangu kama mzazi. Lakini si lazima aende mpaka Ruiru. Askofu yuko kwetu, parokia ya hapa Thika, wikendi hiyo hiyo." Madam akauliza ni siku gani. Mama akasema kuna misa mbili za kipaimara, ya Jumamosi na ya Jumapili. Madam akauliza tuandike gani.

Mama aliniangalia mimi. Akasema, "Jumamosi."

Nilimsindikiza mpaka getini. Alinishika mkono, huu uliovunjika, akaukanda kidogo kama anaujaribu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Ulitaka askofu. Umepata askofu." Neno lenyewe nililitengeneza mimi. Madam Perez amejitolea kuwa msimamizi wangu na ameshaninunulia rozari. Hata kumchukia siwezi.

Basi mpe Muriithi ng'ombe. Sikupi baraka, nakupa habari. Mwambie pale kwa tangi atafute neno lingine. Aseme jina la baba yake, aseme meno. Amina ni yangu. Wewe ulikuwa mtu wa pekee huko nje, Tata. Nilikuandikia kama mtu anayepitisha mkono chini ya lango, na wewe ukaushika ukautumia kuonyesha mtu mwingine njia.

Naandika haya na ninajua yatasomwa, na hata hasira yangu lazima niifanye ya ng'ombe.

Ciku

*

Ruiru
18 Juni 2025

Kwa Ciku,

Salamu nyingi. Njau anakusalimu na amenisaidia kukunja karatasi hii maana mikono ina grisi. Pokea hongera ya kipaimara.

Askofu amemchagua Muriithi. Ataenda Italia Januari. Nimeandika hilo kwanza ili usilitafute.

Kule uwanjani hakukuwa na tangi. Kabla hajaanza alikuja kwangu amekauka midomo, akaniuliza, "Auntie, sasa tangi ni gani?" Kulikuwa na kona inayofanana, ya kulia, baada ya kunyoosha. Nilienda nikasimama pale nyuma ya uzio na lile koti langu kubwa la kijani. Nikamwambia, tangi ni mimi. Kila akipita kivulini mwangu nilimsikia. Nilimpa ujumbe wako kwamba atafute neno lingine. Alijaribu "Jambo", akakosa. Akarudia lile lile lako. Watoto wengine walikuwa na ng'ombe wazuri kuliko wetu, na pale walikuwa wanapitwa.

Baadaye askofu alikuja kwetu. Akauliza kwa Kiingereza chake ni nani aliyemfundisha huyu kijana ile kona. Nilifungua mdomo. Ciku, naapa nilifungua mdomo, na jina lako lilikuwa limefika kwenye meno. Daktari akamshika mwanawe bega, akasema, "Ni kipaji tu alizaliwa nacho." Watu wakapiga makofi. Nami nikaufunga mdomo. Sijui niliogopa nini. Labda niliogopa kwamba ataniuliza uko wapi.

Ng'ombe amerudi zizini, nimemfunika turubai. Huko malishoni wameanza kujenga kwa kasi. Jana niliona lori limemwaga kokoto pale pale kwa tangi, barabara imebaki nusu.

Nilikuahidi kwamba hata asubuhi ya siku hiyo ukija utapanda. Nilimweka kijana nje ya ng'ombe mpaka dakika ya mwisho, helmeti mkononi, nikiangalia barabara ya Thika. Baba yake alikasirika sana. Nataka ujue hilo tu.

Wanja

*

Kiganjo, Thika
Jumamosi, 28 Juni 2025

Kwa Tata Wanja,

Niko nyumbani, half-term. Sebule kweli ni ya krimu. Mama ni mzima, na ananipikia kila nilichokosa, hata chapati za asubuhi. Simu yake inakaa mfukoni mwa aproni. Kwenda Ruiru hakujakatazwa kwa maneno, lakini kila nikivaa viatu ananiuliza kama naenda dukani. Barua hii ataileta Trizah, atakayepita hapa kesho, na hakuna Madam wa kuisoma, kwa hivyo nitaandika kart. Kart, kart, kart. Nilidhani nikiliandika nitajisikia mtu mpya, lakini ni neno dogo tu.

Barua yako Madam Perez alinipa mwenyewe mkononi. Aliniangalia, akasema, "Mama yako mdogo anaandika vizuri. Nimefundisha Kilimo tangu ujana wangu, na ng'ombe anayevaliwa helmeti sijawahi kumsikia." Halafu akaenda zake. Hajaniripoti. Jumamosi iliyofuata aliniletea ndizi.

Wewe umenieleza ya kwako, nami nikueleze ya kwangu, maana yalikuwa saa ile ile.

Nilivaa nguo nyeupe na viatu vyeupe vilivyonibana. Tulipangwa mistari miwili katikati ya kanisa. Mama alikaa benchi ya mbele, pembeni kabisa kwenye njia, kama mtu aliyefunga mlango kwa mwili wake. Madam Perez alisimama nyuma yangu na mkono wake wa kulia begani mwangu, ndivyo wasimamizi hufanya. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tatu. Nilijua umesimama mahali na koti lako la kijani, sikujua tu kwamba umekuwa tangi.

Mstari ulisonga. Askofu alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na kila akimpaka mtoto mafuta mtoto anajibu neno moja. Tata, mimi nilikuwa nimehudhuria mafundisho Jumamosi zote zile na nililijua neno lenyewe. Lakini sikuwa nimewaza kwamba nitalisema mimi, kwa sauti, nimesimama, siku hiyo. Nililisikia likija kutoka mbele, mtoto kwa mtoto, Amina, Amina, Amina, na wote walikuwa wanalisema haraka mno. Wote wangeingia nyasini.

Alipofika kwangu alichovya kidole gumba kwenye mafuta akanichora msalaba kwenye paji la uso. Yananukia maua. Nilikuwa nimetamani siku hiyo ninuke mafuta, na nikanuka mafuta, lakini siyo yale. Akalitaja jina langu, akasema, "Pokea mhuri wa paji la Roho Mtakatifu."

Nikasema Amina. Si ya haraka. Kwenye "A" mguu wangu wa kushoto ulikanyaga sakafu mpaka kiatu kikalia. Kwenye "na" mabega yangu yakageuka kulia yenyewe, na mikono ikafuata, na mkono wa Madam ukateleza ukaanguka. Msichana wa nyuma alidhani nazimia. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na kitu, ni mimi tu nimeinama upande katikati ya kanisa na nguo nyeupe. Na ile kona niliipata, Tata. Niliipata vizuri kuliko siku zote. Ndipo nikalia, na kanisa lote likadhani ni Roho.

Mama hakudhani hivyo. Alikuwa anaangalia mguu wangu.

Jana jioni alikuwa uani anaosha vile viatu vyeupe. Cha kushoto kimepasuka soli. Alikisugua muda mrefu kuliko kinavyohitaji, halafu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Pale kanisani, ulikuwa unageuka kwenda wapi?"

Nikamwambia, "Pale kwa tangi."

Desemba ni yeye aliyekuja kuniokota pale, akanibeba mpaka barabarani na mkono wangu umening'inia. Aliendelea kusugua. Hakuuliza ni tangi gani.

Ciku